Kwa mama uliyeketi nami gatini Lamu

Shikamoo mama. Jina lako sikuliuliza, na boti ya Mokowe ilikuchukua kabla sijakushukuru vizuri, basi nakushukuru hapa mbele za watu.

Nilikuwa nachora bembea. Wengi waliniambia hiyo ni michoro ya kitoto. Wewe ulilivuta daftari langu ukauliza, "Mtu akishuka hapa, ataona nini kwanza?" Ukanieleza kuwa kubuni bustani za burudani ni kazi ya wasanifu majengo, wahandisi, mafundi wa taa na watunga hadithi pamoja. Ukanisimulia Disneyland ya California, iliyofunguliwa 1955: ghorofa za juu za barabara yake kuu zilijengwa ndogo kuliko za chini, ili majengo yaonekane marefu. Kisha ukanionyesha vichochoro vyetu, vinavyokubana na kukukunja, mara unatokea uwanja wa Mkunguni mbele ya ngome, kifua kinapanuka. Nimezaliwa hapa, na sikuwahi kuliona hilo!

Sasa nasomea usanifu majengo, mwaka wa pili. Rula uliyoniachia (ile ya pembe tatu) naitumia kila siku. Mungu akulipe kheri, mama. Ukirudi Lamu, kwetu ni kwako.