Dakika 25 kwenye jumba la Camondo

Mombasa,
6 Mei 2024

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja

Bwana/Bi,

KUH: ZIARA YA JUMBA LA MAKUMBUSHO LA NISSIM DE CAMONDO, PARIS, 17 APRILI

Mimi ni mpishi wa hoteli, huu mwaka wa 19. Natanguliza hilo mjue kwa nini niliongeza shilingi 14,500 juu ya bei ya safari kwa ajili ya asubuhi moja tu. Kijitabu chenu, ukurasa wa 11, kina picha ya jikoni mwa jumba hilo, sufuria za shaba zinameta, na chini yake mmeandika: saa mbili ndani ya jumba, pamoja na jikoni.

Tuliingia saa nne na nusu. Saa tano kasoro dakika tano tulikuwa tumesharudi kwenye basi.

Na jumba lenyewe sina neno, wahudumu wake walitupokea vizuri. Lawama zangu ni kwa mtembezaji wenu. Alianza kwa kutuambia kwamba nyumba ilijengwa na Nissim, mtoto wa mfalme. Mfalme gani? Aliyeijenga ni Moïse de Camondo, mwenye benki mzaliwa wa Istanbul. Alibomoa nyumba ya wazazi wake, akamtafuta mbunifu René Sergent, na kati ya 1911 na 1914 ikasimama hii, ya kuwekea samani zake za karne ya 18. Nissim ni mwanawe, aliyekuwa rubani wa kivita akauawa mwaka 1917. Mzee alipofariki mwaka 1935 aliiachia Ufaransa nyumba na vyote vilivyomo, iitwe kwa jina la kijana wake. Binti yake Béatrice, pamoja na mumewe na watoto wao wawili, waliishia Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Yote haya nilikuwa nimeyasoma kabla ya kusafiri. Wenzangu kwenye kundi walirudi nyumbani na hadithi ya mfalme.

Kitu kimoja nilikiona sawasawa. Kando ya chumba cha kulia kuna kijichumba cha makabati yaliyojaa sahani za Sèvres, kiwanda maarufu cha kaure cha Ufaransa, kila sahani na ndege wake, na jina la ndege limeandikwa kwa nyuma. Moïse akiwa peke yake alikula chakula chake cha mchana humo. Nimepakua sahani nyingi maishani, lakini sijawahi kuona sahani ambayo ningeona haya kuimwagia mchuzi. Nilikuwa nimeinama hapo mtembezaji alipopiga makofi, kama mtu anayefukuza kuku, akasema maduka yanatungoja.

Jikoni niliishia mlangoni. Vigae vyeupe ukutani, shaba imepangwa, na katikati ya chumba jiko la chuma kubwa kuliko kitanda changu. Nikauliza moshi wake ulitokea wapi, maana jiko la katikati namna ile mpishi yeyote atauliza. Akanijibu, "Jikoni ni jikoni tu, kaka." Kisha tukakaa saa moja na dakika arobaini kwenye duka la manukato, ambako wanamjua kwa jina na aliletewa kahawa. Alilipwa nini sijui. Kahawa niliiona.

Nilipopiga simu ofisini kwenu niliambiwa ratiba hubadilika kulingana na hali. Siku hiyo hapakuwa na mvua, mgomo wala foleni.

Naomba nirudishiwe shilingi 14,500 zote ndani ya siku 14, kwa njia ileile niliyolipia. Vocha ya safari nyingine sitaipokea. Pia ondoeni ile picha ya jikoni kwenye kijitabu, au mwambieni mtembezaji awafikishe watu humo. Nimeambatisha risiti, nakala ya ukurasa wa 11, na picha mbili alizopiga dada yangu zenye saa: ya kuingia na ya kutoka.

Wenu,
Mteja (jina na namba ya safari vipo kwenye risiti)