YAH: MALALAMIKO KUHUSU PICHA ZA GIF KWENYE DUKA LANGU

Habari za kazi ndugu zangu wa huduma kwa wateja,

Mimi ni mteja wenu mwaka wa pili sasa, nauza vitenge hapa Mwanza kupitia duka nililofungua kwenye tovuti yenu, na ada ya mwezi sijawahi kuchelewesha hata siku moja. Shida yangu ni hizi picha zinazocheza. Mfumo wenu unapokea GIF tu, nikiaplodi video fupi ya MP4 inakataa, nikijaribu WebP (aina mpya zaidi ya picha, nayo inaweza kucheza) inakataa pia.

Wiki iliyopita nimerekodi kitenge kipya, mdogo wangu kakivaa anageuka taratibu, sekunde sita tu. Video haikufika hata MB moja, nikaigeuza GIF ili muipokee ikawa MB 9!! Maana GIF inabeba fremu moja moja, yaani kila picha inayounda mchezo, video yenyewe inatunza zaidi kile kilichobadilika. Sasa mteja wangu wa Sengerema kajiunga bando la buku, anafungua ukurasa wenye vitenge kumi, karibu MB 90 zimeondoka na hajauliza hata bei. Wengi wananiambia "dada duka lako zito" basi, siwaoni tena.

Na rangi ndo inaniuma zaidi. Fremu ya GIF mwisho rangi 256. Kitenge changu kina bluu inayofifia kwenda zambarau, kwenye GIF pale katikati pametoka vidotidoti na mistari utadhani kitambaa kimechuja, mama mmoja akaniuliza kabisa kama ni cha mtumba. Kipya jamani, hakijafuliwa hata mara moja!

GIF ni ya mwaka 1987, imetusaidia sana siikatai, ila vivinjari vya kufungulia intaneti vinaziweza WebP zinazocheza, Chrome tangu 2014 na Safari ya iPhone tangu 2020, kwa hiyo simu za wateja wangu karibu zote zinaweza.

Naomba mruhusu MP4 na WebP, na GIF nilizokwisha kuweka mnibadilishie nyie huko kwenye seva yenu, ziko 43 na mimi sina kompyuta, kila kitu nafanya kwa simu. Video ijiwashe yenyewe bila sauti na ijirudie kama GIF, ila ianze mtu akishaifikia tu, siyo zote kumi kwa mpigo.

Nimeshapiga simu mara tatu naambiwa nisubiri. Naomba nijibiwe kabla ya ada ya mwezi ujao.

Ahsanteni,
Muuza vitenge, Mwanza