Ukilala Gombe, funga chakula chako

Mhariri,

Mdogo wangu yuko Marekani. Majuzi yeye, mkewe na watoto walibeba mahema mgongoni wakalala katika hifadhi ya Yosemite, kwenye dubu weusi. Kule chakula chote huingizwa kwenye kopo gumu ambalo dubu hawezi kulifungua, nalo huachwa mbali na hema. Hata dawa ya meno huingia humo, maana dubu hufuata harufu. Mke wangu aliposikia habari ya dawa ya meno alicheka hadi akakaa chini.

Sisi Kigoma hatuna dubu. Tuna nyani wa Hifadhi ya Gombe, na nyani ana vidole. Tulipokwenda kulala huko na wajukuu, dume moja lilinyakua mfuko mzima wa mandazi, likapanda jiwe na kula huku likitutazama. Watoto walishangilia. Mimi sikushangilia: nyani aliyezoea chakula cha watu huwa mkali, na anayenyang'anywa kwanza ni mtoto mwenye andazi mkononi.

Naomba wenye mashua za Gombe pale Kibirizi wawaambie abiria kabla ya kung'oa nanga: bebeni sanduku la bati lenye kufuli, msile njiani. Na mwenye mafua abaki nyumbani hata kama ameshalipa, kwani mafua yetu huua sokwe wa huko.

Familia ziende lakini. Jane Goodall mwenyewe, mtafiti wa sokwe, mwaka 1960 alifika Gombe na mama yake.

Fundi mashua mstaafu,
Ujiji, Kigoma