Meli ya vita iko chini ya maji Fort Jesus, sisi twaipita tu

Mhariri,

Nipe nafasi kidogo. Juzi nilienda kumtembelea dada yangu Stockholm, akanipeleka makumbusho ya Vasa, meli ya vita ya kale ya Sweden. Mimi nikijua ntaona vipande vya mbao ndani ya makabati ya vioo, kumbe ukiingia tu meli nzima iko mbele yako, mita 69, nyeusi tii, kwenye ukumbi wa giza na kibaridi, na vifuniko vya matundu ya mizinga vimechongwa nyuso za simba, nikasahau hata kutoa simu.

Na kisa chenyewe ni kichekesho. Mfalme Gustav II Adolf alitaka mizinga mingi, ikawekwa 64, meli ikawa nzito juu. Waliijaribu ikiwa bado imefungwa, watu 30 wakakimbia huku na huku sitahani, ikayumba vibaya mpaka wakaambiwa waache, na bado ikatweka tanga tarehe 10 Agosti 1628! Haikumaliza hata kilomita moja na nusu, upepo ukaipiga ikalala, maji yakaingia kwa yale matundu. Ilitolewa 1961. Haikuliwa kwa sababu bahari ile chumvi yake ni kidogo, wadudu wanaotoboa mbao hawaishi, hawa hawa ambao watu wetu wa majahazi wanapambana nao kwa kupaka mbao deheni, ule mchanganyiko wa mafuta na chokaa.

Sasa dada akaniuliza, "Na ile ya kwetu pale Foti waijua?" Nikabaki kimya. Mimi mzaliwa wa Mji wa Kale, nimeogelea pale tangu nina miaka sita! Kumbe chini kuna Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyokuja kuokoa hii ngome ya Fort Jesus ilipozingirwa na Waomani, ikazama Oktoba 1697. Wapiga mbizi waliichimbua 1977 hadi 1980, vitu vyake vikaingia makumbusho, mbao zikafunikwa tena mchanga palepale.

Sisemi itolewe, Vasa ilinyunyiziwa dawa miaka 17, sisi pesa hiyo tutoe wapi. Naomba tu kibao kikubwa cha Kiswahili upande wa bahari, na walimu wanaoleta watoto kuona mizinga wawasogeze mpaka ukutani wawaonyeshe ni wapi.

Jumamosi niliporudi nikaenda na wanangu, tukaangalia vyombo vyake pale ndani, yule mdogo akaniuliza, "Sasa meli yenyewe iko wapi, baba?" Nikamnyooshea maji.

Msomaji wenu,
Mombasa