Barua kwa mwanangu: kuhusu mkesha

Mwanangu mpendwa,

Nimesikia kwaya yenu huko Arusha imepangwa kuimba kwenye mkesha wa kufunga mwaka. Nakuomba uimbe mpaka saa tatu usiku, kisha uende ukalale. Najua ombi hili ni zito kwa kijana anayempenda Mungu. Lakini mwenye baipola kama wewe, ugonjwa huu wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, anaweza kupandishwa na usiku mmoja tu wa kukesha, na mwili hauulizi ulikesha kwa ajili ya nini. Msibani ni hivyo hivyo, na unapokesha na madaftari kabla ya mtihani.

Tena, baba, kuna kukosa usingizi kwa namna mbili. Kuna usiku unaoutafuta usingizi mpaka alfajiri, ukaamka umechoka, hata chai haishuki. Hilo mweleze daktari kliniki. Namna ya pili ndiyo inayonitisha: umelala masaa mawili matatu, umeamka kabla ya jogoo, uchovu huna, una mipango mipya tele na maneno yanakimbizana mdomoni. Siku hiyo utajiona mzima kuliko watu wote. Usingoje tarehe ya kliniki. Piga simu siku hiyo hiyo, na kama hujiamini, nipigie mimi nikupigie daktari. Sonona, ule upande wa kushuka, nayo huweza kukulaza mpaka mchana na bado mwili ukawa mzito. Huo si uvivu, na sitaki mtu yeyote wa ukoo wetu auite hivyo mbele yangu.

Sikulaumu ukichelewa kusinzia. Kwa vijana, melatonini, homoni inayouarifu mwili kwamba usiku umeingia, huchelewa kutoka kuliko kwetu wazee. Kwa hiyo shika zaidi saa ya kuamka: iwe ile ile, Jumapili kama Jumatatu. Simu ilale mbali na kitanda. Kahawa, hata hii yetu ya Kilimanjaro, iishie mchana, na vile vinywaji vya kuongeza nguvu viache kabisa.

Kuna ushauri unazunguka kwenye simu: eti ukitaka kurekebisha usingizi, kesha usiku mzima ili kesho yake ulale mapema. Wenzako wanaweza kuujaribu. Wewe usithubutu. Usinunue dawa ya usingizi dukani kwa kusimuliwa, wala usipokee vidonge vya sonona kwa mtu asiyejua historia yako, kwani vikitumika peke yake vinaweza kukupandisha. Na kichwa kikiuma kwa kukosa usingizi, usimeze ibuprofeni wala diklofenaki: huongeza lithiamu, dawa yako ya baipola, kwenye damu mpaka ikadhuru. Maji kunywa ya kutosha, na vipimo vya damu usiviruke hata ukijisikia vizuri.

Krismasi watu watajaa nyumbani Kibosho kama kawaida, na pombe ya mbege na hadithi zitaenda mpaka usiku wa manane. Nimeshaongea na baba yako mkubwa. Chumba cha uani ni chako, hakuna wa kukugongea mlango ukishaingia, na hakuna atakayekujazia kata ya mbege. Ukitoka Arusha panda gari la asubuhi.

Kuhusu mkesha, naweza kumpigia mwalimu wenu wa kwaya. Sitautaja ugonjwa wako bila ridhaa yako. Niandikie kabla ya Jumapili unataka nimwambie nini, nami nitasema hayo tu.

Mama yako,
Moshi