Barua kwa Sahibu Yangu Kuhusu Darmok na Jalad

Tanga,
Jumatatu usiku

Sahibu yangu wa siku nyingi,

Nakusalimu kwa wingi wa salamu, na natumai jana usiku ulifika nyumbani salama, ingawa uliondoka kwangu umenuna kidogo. Ama baada ya salamu, nakuandikia kwa sababu mabishano yetu kuhusu Darmok, ile sehemu ya Star Trek tuliyoitazama pamoja, yameninyima usingizi. Wewe ulisema mengi kwa sauti ya juu, mimi nikajibu machache kwa pupa, na wenzetu wawili wakatugeuza kichekesho. Sasa nimetulia, nimeitazama tena sehemu ile peke yangu mara mbili, na naona nina haki ya kukujibu kwa utaratibu pasipo mtu wa kunikatiza.

Kwanza tukubaliane juu ya kilichomo, maana katika ubishi ule ulichanganya mambo mawili matatu. Hii ni sehemu ya pili ya msimu wa tano wa mfululizo wa televisheni wa Star Trek: The Next Generation, na ilirushwa Marekani kwa mara ya kwanza tarehe 30 Septemba 1991. Mwandishi wake ni Joe Menosky, na aliyemwigiza Dathon, nahodha wa wale wageni waitwao Watamaria, ni Paul Winfield, yule yule uliyemkumbuka kama Nahodha Terrell katika filamu ya mwaka 1982. Chombo cha anga cha Enterprise, chini ya Nahodha Picard, kinakwenda kukutana na Watamaria karibu na sayari ya El-Adrel, baada ya watu wa Shirikisho la sayari, wenye Enterprise, kukutana nao mara saba katika muda wa miaka mia moja bila kuelewana hata kidogo. Mtambo wa kutafsiri unafanya kazi yake barabara, tena hapo ndipo penye uhondo, kwa kuwa kila neno linasikika na hakuna linaloeleweka: "Darmok na Jalad, kule Tanagra. Shaka, kuta zilipoanguka." Dathon anaona maneno hayasaidii, ananyanyua majambia mawili, na papo hapo yeye na Picard wanahamishiwa ardhini, huku chombo cha Watamaria kikiizuia Enterprise isiweze kumchukua nahodha wake.

Nianze na kicheko chetu. Dathon alipokuwa ameumizwa akasema, "Wana wa Kiazi, nyuso zao zimelowa," sote wanne tuliangua kicheko, na wewe ukauliza kama viazi hivyo vilikuwa vya kukaanga au vya kuchemsha. Tulicheka pia aliposema Uzani na jeshi lake, na kila alipotajwa Shaka tukawa tunaulizana ni shaka ya nini. Nilipotazama peke yangu sikucheka. Niligundua kwamba sisi wasemaji wa Kiswahili tulikuwa tumetumbukia katika shimo lile lile la watu wa Enterprise, tena sisi tulizama zaidi: wao walisikia majina wasiyoyajua wakakiri kuwa hawajui, lakini sisi tulisikia majina yaliyofanana na maneno yetu tukadhani tunajua. Mtu aliyekuwa akitueleza maumivu yake sisi tulikuwa tukimwona jikoni akimenya.

Hapo nikaikumbuka The Man Trap, sehemu ya kwanza kabisa ya mfululizo wa zamani kurushwa hewani, tarehe 8 Septemba 1966. Kile kiumbe kinachonyonya chumvi kutoka katika miili ya watu kinajigeuza mwanamume na kumsemesha Uhura, afisa wa mawasiliano wa Enterprise ya zamani, kwa Kiswahili, lugha ambamo jina lake mwenyewe limechotwa, na Uhura anavutwa kwa sababu ameelewa. Kule lugha iliyoeleweka ilikuwa chambo cha muuaji, na huku El-Adrel lugha isiyoeleweka ilikuwa ya mtu aliyekuja kwa wema. Sidhani kama waandishi walikusudia kuzioanisha sehemu hizi mbili zilizopishana kwa robo karne, lakini kwetu sisi haziachi kuitana.

Sasa nije kwenye hoja yako kubwa, kwamba lugha ya namna ile, inayosema kila kitu kwa kutaja visa, haiwezekani, kwa sababu mtoto hawezi kusimuliwa kisa cha Darmok ilhali hajui maneno mengine ya kukisimulia kisa chenyewe. Hoja hii ni nzito na si wewe wa kwanza kuitoa. Lakini hebu tazama Picard anavyojifunza neno lake la kwanza. Usiku ni baridi, moto wake umekataa kuwaka, na Dathon anamrushia kijinga cha moto huku akisema, "Temba, mikono yake wazi." Picard hajui Temba alikuwa nani, alizaliwa wapi wala alimpa nani nini, ila anajua kwamba amepewa kitu, na kuanzia hapo anaweza kulitumia neno. Baadaye, dubwana la sayari ile linapowakabili, ndipo anapong'amua kuwa ngumi ya jeshi la Uzani, ikiwa wazi au ikiwa imefungwa, ni mbinu ya vita ya kumvuta adui kisha kumbana. Hakusimuliwa kisa hata kimoja kati ya hivyo viwili. Na sisi tulijifunzaje? Nilimsikia mama akimwambia jirani "sizitaki mbichi hizi" miaka mingi kabla sijasoma habari za yule sungura aliyeshindwa kuyafikia matunda, nami nilielewa kabisa kwamba jirani anasutwa. Tunasema ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni, na anayeambiwa hivyo hangoji kwanza akumbushwe habari za fimbo na bahari. Wewe uliyekulia Lamu ndiye wa mwisho ninayemtarajia kulikana hili, maana kwenu ndiko anakosimuliwa Liyongo aliyetuma wimbo kutoka kifungoni, mama yake akaelewa kwamba anatakiwa kuficha tupa ndani ya mkate, na walinzi, ambao Kiswahili kilikuwa chao pia, wasing'amue kitu.

Kwa hiyo nakataa neno lako "haiwezekani". Mtambo wa kutafsiri uliitafsiri sarufi yote, wakati na idadi na mahali, ukashindwa kutafsiri kumbukumbu za watu. Troi, mshauri wa Enterprise, anaeleza vizuri anapotoa mfano wa Juliet kwenye roshani yake, ambaye kwa watu wao ni picha ya mapenzi, na Dakta Crusher anaongeza kwamba asiyemjua Juliet picha hiyo haimfai kitu. Lakini uliposema kwamba watu wasioweza kutamka "kaza skurubu hiyo nusu mzunguko" hawawezi kuunda chombo cha kuruka baina ya nyota, hapo ulinifunga goli, nakiri. Labda mafundi wao wana usemi mwingine ambao hatukusikilizishwa, lakini huko ni kuongeza nyama ambayo mwandishi hakuiweka, na mimi sipendi mashabiki wanaomwandikia mwandishi kazi yake.

Hoja yako ya pili, kwamba Dathon ni mteka nyara na hastahili machozi yetu, ndiyo iliyonifanya nitazame mara ya pili. Ni kweli alimchukua Picard bila ridhaa. Ni kweli pia kwamba aliwaweka watu wote wa vyombo viwili hatarini, na kwamba msaidizi wake mwenyewe hakuafiki: unakumbuka jinsi walivyobishana, msaidizi akimtaja Mirab aliyetweka tanga, maana yake tuondoke, mpaka Dathon akamnyamazisha kwa kuutaja mto Temarc wakati wa baridi? Sina hakika kama mimi ningemtii nahodha wa namna hiyo. Hata hivyo nakuomba umtazame nani alimuua. Picard na Dathon wamekwisha kuelewana kiasi cha kupigana pamoja, wamesimama na majambia yao, dubwana linakuja. Dakika hiyo hiyo kule juu La Forge, mhandisi wa Enterprise, amepata njia ya kupenyeza mwale wa kumchukua nahodha wake. Picard anaanza kuyeyuka, hayupo huku wala kule, anamwona mwenzake akipigwa na hawezi kunyanyua mkono. Mwale unashindwa, anarudishwa ardhini, na Dathon amekwisha kuvunjwavunjwa. Hakuna aliyetenda ubaya. Riker, msaidizi wa Picard, alifanya kile ambacho wewe na mimi tungekifanya kwa ajili ya nahodha wetu, na uokoaji huo ndio uliomwacha mtu wa watu peke yake mbele ya dubwana. Jana wakati wa tukio hili ulikuwa umetoka nje kupokea simu, na nadhani ndiyo sababu ulimhukumu Dathon kwa ukali namna ile.

Kinachofuata ndicho ninachokipenda kuliko vyote katika sehemu zote 178 za mfululizo huo. Usiku, kando ya moto, Dathon anakata roho polepole huku akimsimulia Picard habari ya Darmok: alikuwa peke yake baharini, akafika kisiwani Tanagra, Jalad naye akafika hapo hapo, wakakuta dubwana, wakapigana nalo, kisha wakaondoka pamoja. Kumbe ndiyo ilikuwa hoja nzima. Alimchukua mgeni akamweka ndani ya kisa, akitumaini kwamba wakikiishi wataelewana. Kisha anamwomba Picard naye asimulie. Picard anamsimulia Gilgamesh, na anaanza kwa mwendo wa Kitamaria, akiyaweka maneno vipande vipande: Gilgamesh, mfalme, Gilgamesh, mfalme, kule Uruk. Anamleta Enkidu kutoka porini, anawapiganisha, anawapatanisha, na Dathon anaitikia "kule Uruk" kama mtoto anayefuata hadithi ya bibi. Wanamwendea fahali wa mbinguni, wanamuua, na Dathon anacheka pamoja na maumivu yote aliyo nayo. Halafu hadithi inafika mahali ambapo Picard hawezi kuikwepa: Enkidu anaanguka, na Gilgamesh anamlilia sahibu yake aliyekwenda asirudi. Patrick Stewart anayasema maneno hayo akimtazama mtu anayekufa mbele yake, na sauti yake inashuka kila sentensi, kana kwamba msimuliaji amegundua katikati ya njia ni kisa gani hasa alichokichagua.

Hili ndilo nililotaka kukuambia, na ndilo linalojibu lawama yako kwamba mwisho wa sehemu hii umenyooka mno. Dathon alikwenda El-Adrel kwa ajili ya kisa cha Darmok na Jalad, ambamo wawili wanafika mbalimbali na kuondoka pamoja. Aliyoyapata ni ya Gilgamesh na Enkidu, ambamo mmoja anabaki. Alianza katika hadithi ya kwao akafia katika hadithi ya kwetu, tena hadithi aliyokuwa akiisikia kwa mara ya kwanza, na iliyomchekesha. Kwa hesabu yake mwenyewe mpango ulishindikana, na ukiyasikiliza maneno yake ya usiku ule utaona Shaka na kuta zake, yaani kushindwa, zinarudi.

Picard anaporudi kwenye chombo chake, vita vimekwisha kuanza kule juu. Msaidizi wa Dathon amejaa ghadhabu kwenye kioo, anamtaja Zinda mwenye uso mweusi na macho mekundu, na Picard anamjibu kwa mto Temarc wakati wa baridi, maneno yale yale ambayo marehemu alimnyamazishia. Umewahi kuufikiria uso wa yule msaidizi wakati huo? Mgeni anatamka amri ya bwana wake aliyekufa, mahali pake na kwa maana yake. Ndipo anapopaza sauti kwamba macho ya Sokath yamefunguka, yaani mgeni ameelewa, na baadaye kidogo anatamka maneno ambayo hayakuwahi kuwapo katika lugha yao: "Picard na Dathon, kule El-Adrel." Picard ananyoosha jambia kulirudisha, mikono ya Temba ikiwa wazi, na anaambiwa kwamba Temba amepumzika. Alibaki nalo.

Wewe uliyaita maneno yale mapya utepe wa kufungia zawadi. Mimi nayaona ni kesi ambayo haijaamuliwa, kwa sababu hayafanani na Darmok na Jalad kule Tanagra, yaliyokwisha kujulikana maana yake. Siku moja mtoto wa Kitamaria atamsikia mama yake akisema "Picard na Dathon, kule El-Adrel", na mama atakuwa anazungumzia nini? Wageni wawili walioelewana, au rafiki aliyecheleweshwa na wema wa watu wake mwenyewe, au mtu aliyetoa roho ili mwingine apate neno moja? Nimejaribu kuchagua nimeshindwa, na kila nikishika maana moja, moto ule wa usiku unanirudisha kwenye nyingine.

Nijibu kwa barua, tafadhali, wala usinipigie simu, maana kwenye simu utanizidi tu kwa sauti. Jumapili tutakapokutana nitaweka tayari The Man Trap, ili wewe mwenye Kiamu chako uniambie yule kiumbe wa chumvi anamsemesha Uhura kwa lafudhi ya wapi.

Wasalimie nyumbani wote.

Ni mimi sahibu yako, uliyenikasirikia jana.