Moyo Wako Haujafa

Rafiki yangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema kila mshauri nasaha anapokuuliza unajisikiaje, jibu ni "sijui", na sasa unaamini moyo wako umekufa. Sikubaliani nawe hata kidogo.

Kumbuka ulivyoishi na mtu yule. Ukilia, unajiliza. Ukikasirika, huna shukrani. Ukisema umeumia, hakuna kilichotokea, umejitungia. Mtu anayekanushiwa hisia zake kila siku huacha kuziangalia, kwa sababu kila akiziangalia anaadhibiwa. Macho yake yote huhamia kwa mwenzake: leo amefungaje mlango, mbona kanyamaza? Wewe ulifika mahali ukaitambua hasira yake kabla hajaitambua mwenyewe, na ya kwako ukawa huijui. Hilo linaniuma mpaka leo.

Wataalamu wanaifahamu hali hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, daktari wa magonjwa ya akili Peter Sifneos aliipa jina la aleksithimia: mtu anahisi, ila hawezi kutambua anahisi nini wala kukieleza. Tafiti zimeihusisha na ukatili wa kihisia, hasa wa utotoni. Kama unayo au huna, mimi si wa kusema. Ninachojua ni kwamba "sijui" yako haimaanishi hamna kitu ndani.

Mwenyewe umeniandikia kwamba simu yake ikiita, tumbo linakukaza na koo linabana. Ukapita haraka, kana kwamba ni habari ya chakula kibaya. Hiyo ni hofu, ndugu yangu, na huenda hasira imo. Basi anzia hapo. Acha kwanza kujiuliza unahisi nini. Jiulize ni wapi panabana, kisha ujaribu neno: hofu, aibu, huzuni, hasira. Lisipokaa, weka jingine. Hakuna wa kukusahihisha sasa.

Ganzi ikianza kuachia, huenda yakatangulia maumivu, na hasira itakayokutisha. Usidhani unaharibika. Mshauri akikuharakisha, mwambie apunguze mwendo. Una haki hiyo.

Na yule akipiga tena, huna deni la kupokea. Nipigie mimi, saa yoyote, hata usiku wa manane.

Rafiki yako akupendaye